Ruhusa ya Kutoka

Benchi alilopewa Isihaka lilikuwa la watoto wa darasa la kwanza, na alipokaa magoti yake yalimfika karibu na kidevu. Alikuwa amevaa shati lake la Idi, vifungo vyote mpaka cha shingoni, maana mtu akiitwa ofisini kwa mwalimu mkuu hajui ameitiwa jambo zito kiasi gani. Nyuma ya meza iliyolemewa na madaftari alikaa Mwalimu Dominiko, mkuu wa shule. Pembeni yake alisimama Mwalimu Yasinta, mwalimu wa darasa la tano, binti wa milimani huko Lushoto ambaye hata miaka thelathini alikuwa hajafikisha, macho mekundu kwa chaki au kwa kukosa usingizi. Na mlangoni, akivitazama vidole vyake vya miguu, alisimama mshtakiwa mwenyewe: Mwaija, mtoto wa Isihaka, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja.

“Soma, mwalimu,” alisema Mwalimu Dominiko.

Yasinta akafungua daftari. “Tarehe mbili, ametoka darasani bila ruhusa mara tatu. Tarehe tatu, mara mbili. Tarehe tano nimemwambia apige magoti mbele ya darasa, akanitazama, akatoka nje. Tarehe tisa ameinua ndoo ya maji ya kunywa ya darasa zima akajimwagia kuanzia kiunoni, na wenzake wawili wakalowa. Nimemuuliza kwa nini, akasema ameamua tu. Juzi Jumanne kiranja Jabiri amemzuia mlangoni kwa amri yangu, na huyu akamng’ata mkono mpaka damu.”

Isihaka alisikiliza kama mtu anayesomewa habari za mtoto wa jirani. Huyo wanayemsema hakumfahamu. Wa kwake aliosha vyombo bila kuambiwa, alichota maji, na msimu wa mpunga alishinda bondeni akiamia ndege kwa kelele, miguu ndani ya maji kutwa nzima, akirudi sauti imekauka. Akamgeukia mtoto.

“Mama,” akauliza taratibu, “ni kweli haya?”

Mwalimu mmoja aliyekuwa akisahihisha mitihani dirishani akaangua kicheko. Mwalimu Dominiko naye akashindwa kujizuia.

Walicheka wasichokijua. Mtoto huyo alizaliwa siku chache baada ya arobaini ya mama mzazi wa Isihaka, akapewa jina lake, na katika ukoo wao jina haliji mikono mitupu. Linakuja na heshima yake. Tangu Mwaija akiwa wa kubebwa mgongoni Isihaka hakuwahi kumwita vingine ila mama. Akikosea aliambiwa kwa sauti ya chini. Akinuna alibembelezwa. Hata Maryamu, mke wa Isihaka, aliyemzaa kwa uchungu wa siku mbili, alimwita mama mkwe, nusu kwa utani na nusu kwa kweli. Na fimbo? Nani angeiwaza? Mtu mwenye akili zake atampigaje mama yake?

“Mzazi, tatizo linaanzia hapo hapo,” alisema Mwalimu Dominiko akijifuta macho. “Mtoto unamwita mama. Sasa nani atamwambia akae chini?”

“Ni jina tu, mkuu.”

“Si jina tu. Sikiliza. Zamani ningelimaliza hili mwenyewe, tukaendelea na kazi. Siku hizi kuna waraka. Fimbo zisizidi nne, achape mwalimu mkuu, iandikwe kitabuni, na bado mtu anakurekodi na simu unajikuta kwa afisa elimu. Waraka unanibana mimi. Wewe mzazi haukubani.”

“Kwa hiyo, mkuu?”

“Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, paredi, mbele ya shule nzima, unamchapa mwanao fimbo nne. Wewe, kwa mkono wako. Ndio utaratibu wetu, na umetusaidia sana. Hutaki, nakuandikia uhamisho, umtafutie shule nyingine. Ya karibu ni kilomita kumi na moja, na kwa sifa hizi sijui kama watampokea.”

Alisema bila ukali. Kwa kweli hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, na watu waliochoka hupenda utaratibu.

“Mimi nimejaribu, baba,” alisema Yasinta, na kwa kuacha kumwita mzazi akamwita baba, Isihaka akaona afadhali kidogo. “Tulipelekwa semina Korogwe mjini, siku mbili. Wakatuambia mtoto msumbufu ana sababu, itafute sababu. Nikamsimamisha darasani nikamuuliza, Mwaija, una tatizo gani? Akakaa kimya. Nina watoto mia moja na kumi na nane, baba. Paa la chumba kile kingine liliezuliwa na upepo, tukaunganishwa. Nina kibao kimoja cha choo. Anayetoka anatoka nacho, akirudi ndipo anatoka mwingine. Nikimwachia mmoja atoke bila kibao, wanatoka thelathini, na hao hawarudi.”

Isihaka alitaka kumuuliza kama swali lile aliliuliza mbele ya wote mia moja na kumi na nane. Lakini mtu aliyekaa kwenye benchi la darasa la kwanza haulizi sana. Akasema amesikia, akashukuru, akainuka, na benchi likainuka naye kwa sababu shati lilikuwa limenasa kwenye msumari. Mwalimu wa dirishani akacheka tena.

Walirudi nyumbani wakifuata reli ya Mnyuzi, baba mbele, mtoto nyuma. Mara mbili Mwaija aliomba amsubiri, akaingia kichakani, akachelewa kutoka. Isihaka alisimama juu ya mataruma akiitazama njia ya mbele, akiwaza fimbo nne.

*

Maryamu alizipokea habari akiwa anachambua mchicha, na hakuacha kuchambua.

“Utampiga?”

“Nitampigaje?”

“Basi atahama.”

“Kilomita kumi na moja, Maryamu. Peke yake, kwa miguu, anapita kwenye mkonge.”

“Basi utampiga.”

“Ongea naye wewe. Wewe mwanamke.”

Maryamu alijaribu. Alimkuta Mwaija nyuma ya nyumba anafua sketi yake ya shule, kama ilivyokuwa desturi yake tangu masika. Siku za mwanzo Maryamu alijivunia sana jambo hilo. Aliwasimulia majirani kwamba mama mkwe wake hakubali kufuliwa, safi kama marehemu mwenyewe, anafua sketi kila siku na kuianika mahali pa peke yake. Majirani wakasema kweli jina lina mambo.

“Mama mkwe,” alianza Maryamu akichuchumaa, “hebu niambie mie. Huko darasani kuna nini? Kuna mtu anakuonea?”

“Hamna.”

“Huyo Jabiri amekufanya nini?”

“Alinizuia mlango.”

“Sasa akikuzuia si unarudi kukaa?”

Mwaija aliikamua sketi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Alitaka kusema, Maryamu aliliona neno limefika mdomoni. Lakini tangu apate akili mtoto huyu amekuwa mkubwa wa nyumba, anapakuliwa kwanza, anaamkiwa kwa utani na wazee wanaopita, na mkubwa ataanzaje kumweleza mkwewe mambo ya mwili wake? Neno likarudi lilikotoka.

“Naumwa tu na shule,” alisema.

Maryamu akacheka, akanyanyuka. Alimwambia mumewe kwamba ni utoto, utapita. Usiku ule hakula vizuri, lakini hakujua kwa nini.

*

Jumamosi Isihaka alipanda gari la asubuhi kwenda Handeni kwa dada yake mkubwa, anayeitwa Mama Adamu kwa jina la mwanawe wa kwanza. Baba yao na mama yao walikwisha kufariki wote wawili, na jambo la jina la mama lisingeweza kuamuliwa bila yeye. Alimkuta uani anapukuchua mahindi, miguu ameinyoosha mkekani.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Umekuja na uso wa msiba. Nani kafa?”

“Hajafa mtu.”

“Basi kaa, upukuchue huku unasema.”

Alisema yote. Kutoka bila ruhusa, ndoo ya maji, mkono wa Jabiri, benchi, kicheko. Mama Adamu hakumkatiza. Alipofika kwenye fimbo nne, gunzi lilimwanguka mkononi.

“Kwa hiyo umekuja kuniomba ruhusa ya kumpiga mama?”

“Nimekuja unikataze.”

“Nini?”

“Nikataze, dada. Nikirudi nimwambie mkuu kwamba ukoo umekataa. Mimi mwenyewe siwezi kumkatalia, ananiona mshamba. Lakini nikisema wakubwa wangu wamekataa, labda.”

Kuku walianza kuyasogelea mahindi, na Mama Adamu aliwaona. Hakuwafukuza.

“Nikikukataza, mtoto anakaa nyumbani?”

“Anakaa nyumbani. Au hiyo shule ya mbali, na ya mbali ni sawa na nyumbani.”

“Mimi baba alinitoa darasa la tatu,” alisema. “Nilikuwa nasoma vizuri, mwalimu alikuja mpaka hapa kuniombea. Mama alilia siku nzima anamsihi baba, hakusikilizwa. Mpaka leo nikipewa karatasi naigeuza geuza tu, namwambia mtu nimesahau miwani. Sasa leo nimtoe shule mama kwa mdomo wangu? Siwezi, Isihaka.”

“Kwa hiyo?”

“Nenda kaburini ukamwombe radhi. Ukirudi kwako umwombe radhi na mtoto, kwa heshima, kabla hujashika fimbo. Halafu umpige hizo nne, na ukishampiga usimguse tena mpaka unaingia ardhini. Abaki shule.”

Alipomaliza kusema alianza kulia, naye Isihaka akalia, watu wazima wawili juu ya mkeka wa mahindi, kila mmoja akimwonea aibu mwenzake. Kisha Isihaka akachukua kata ya maji akaenda kaburini. Aliyamwaga maji kidogo kidogo upande wa kichwani, akasema aliyotumwa kusema, akasubiri. Hakujua anasubiri nini. Gari la kurudi lilikuwa saa nane, akaondoka.

*

Jumapili baada ya sala ya alasiri Isihaka alitandika mkeka barazani, akamwita Mwaija akae. Yeye mwenyewe alikaa chini, sakafuni, mtoto akiwa juu ya mkeka, kama angekaa mbele ya marehemu. Maryamu alikuwa jikoni amejifanya ana kazi.

“Mama,” alisema, “nimekuja kwako kuomba radhi. Kesho nitakupiga mbele ya watu.”

“Najua. Nimeambiwa.”

“Fimbo nne. Sikutaka. Nimekwenda mpaka Handeni.”

Mwaija alikuwa amekunja miguu na kuibana, akijitikisa kidogo kidogo. Alifikiri kama anayepigiwa bei ya kitu.

“Nikishapigwa,” aliuliza, “mwalimu ataniruhusu kutoka?”

“Kutoka wapi?”

“Nje. Nikitaka.”

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe mtoto huyo, Isihaka alimkasirikia. Amekwenda Handeni na kurudi, amelia mbele ya dada yake, amesemeshana na kaburi, na huyu bado anaulizia kutoka! Laiti angeuliza swali moja tu, dogo, la kwa nini. Angeuliza na angejibiwa, maana mtoto alikuwa amefika mwisho wa kuvumilia na alikuwa anatafuta pa kusemea. Lakini hasira ina haraka zake.

“Mama, ndicho unachopigiwa hicho hicho,” alisema. “Ukishapigwa hutoki tena. Unakaa kwenye dawati mpaka mwalimu aseme toka. Hata moto ukiwaka, unasubiri mwalimu aseme. Tumeelewana?”

Mwaija alizidi kubana miguu.

“Tumeelewana,” alisema. “Nimekusamehe.”

Kisha akainuka, akaenda nyuma ya nyumba akikimbia.

*

Siku ya Jumatatu paredi ilipangwa saa moja na nusu. Wanafunzi mia saba na ushee walisimama kwa madarasa, mashati meupe kwa meupe kiasi. Waliimba wimbo wa taifa na wa shule, wakakaguliwa kucha. Isihaka alisimama chini ya mlingoti wa bendera akiwa ameshika fimbo aliyopewa, fimbo ya mpera iliyochongwa vizuri, akijihisi kama mwizi aliyekamatwa na kuku mkononi.

“Huyu ni mzazi wa mfano,” alitangaza Mwalimu Dominiko. “Amekubali kushirikiana na shule. Mwaija Isihaka, pita mbele.”

Mwaija alipita mbele. Sketi ya bluu imepigwa pasi, soksi nyeupe alizofua Maryamu kwa mkono wake mwenyewe mara mbili. Akainama, akashika magoti.

Fimbo ya kwanza ilitua kama mtu anayepangusa vumbi kwenye godoro. Darasa la sita wakacheka, kicheko kikasambaa mpaka kwa wadogo ambao hawakujua kinachochekwa.

“Hiyo haihesabiwi, mzee,” alisema Mwalimu Dominiko. “Hapa hatuko mazoezini.”

Ya pili nayo haikuhesabiwa. Isihaka alihisi jasho linamtiririka kifuani ndani ya shati la Idi. Hakuwa na hasira na mtoto wala na mwalimu, ila hamu ya kumaliza na kuondoka mahali pale. Akapiga. Ikalia. “Moja,” ikaitika paredi. Akapiga tena. “Mbili.” Mwaija hakulia, hakusogea. “Tatu.”

Baada ya ya tatu, maji yalianza kumshuka Mwaija miguuni.

Kicheko cha safari hii kilikuwa kikubwa hata kunguru wakaruka juu ya paa. Kajikojolea! Darasa la tano walishikana mabega. Hata Jabiri, mkono wake ungali na bandeji, alicheka mpaka akakaa chini. Isihaka aliishusha fimbo, akatazama, na macho yake yakaganda kwenye soksi. Soksi nyeupe zilikuwa zinageuka rangi. Hazikuwa zinageuka njano. Zilikuwa nyekundu, kama zimechovywa kwenye juisi ya rozela.

“Nimemuua,” alisema Isihaka. “Nimemuua mama.”

Fimbo ikamwanguka. Alipiga magoti kwenye vumbi mbele ya shule nzima, akamshika mtoto miguu, akiomba radhi kwa sauti, kwa Kizigua, kwa maneno ambayo hakuyasema tangu siku ya mazishi. Watoto waliokuwa wakicheka waliacha mmoja mmoja. Mwalimu Dominiko alipaza sauti kwamba madarasa yaingie ndani, yaingie ndani haraka, na viranja wasimamie.

Yasinta alikuwa wa kwanza kufika. Alivua mtandio wake akamfunga Mwaija kiunoni.

“Si fimbo, baba,” alisema. “Inuka. Fimbo haitoi hivi. Twende zahanati.”

*

Katika zahanati ile muuguzi alikuwa Mama Grasiana, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Alimtazama Mwaija, akatazama soksi, akamwambia Isihaka akakae barazani. Isihaka akatoka, lakini dirisha lilikuwa na pazia tu, na mtu wa barazani alisikia kila kitu.

“Unaona damu tangu lini, mwanangu?”

Kitanda kililia, kama mtu anayegeukia ukutani.

“Nimekuuliza mimi, mwanangu. Baba yako yuko nje.”

“Tangu masika.”

“Inauma?”

“Inaunguza. Nikibanwa sivumilii. Nikitoka yanatoka kidogo tu, nikirudi nabanwa tena.”

“Mbona hukusema?”

“Kibao kimoja,” alisema Mwaija, kama ndilo jibu, na pengine ndilo lilikuwa. Kisha akaongeza, sauti imeshuka, “Ile siku ya ndoo nilikuwa nimeshajikojolea. Nikajimwagia ili wasijue.”

Isihaka aliegemea ukuta. Alimsikia Mwalimu Yasinta ndani akivuta pumzi, kisha akikohoa.

Mama Grasiana alipotoka aliwaeleza kwa kifupi. Kichocho. Cha maji ya mabondeni, kinaingilia miguuni. Isihaka alikijua kichocho. Kila mtu wa bonde la mpunga alikijua. Lakini walikijua kuwa ni ugonjwa wa wavulana, kwa sababu wavulana hukojoa ukutani kwa kushindana na damu ikaonekana, wakachekwa, wakapelekwa kutibiwa. Binti anayejisitiri kichakani nani atamwona? Na huyu alikuwa amesimama kwenye maji hayo msimu mzima akilinda chakula cha nyumba yao.

“Ina dawa?” aliuliza.

“Dawa ipo, nyepesi kabisa. Vidonge vya siku moja. Kwangu hapa sina. Inakuja kwa kampeni, wanapita shuleni, wanawasimamisha watoto kwenye ufito wa kupimia urefu kujua idadi ya vidonge, kila mmoja anamezeshwa. Wamepita kwenu wiki iliyopita. Mbona huyu hakupata?”

“Walipita lini?”

“Jumatano.”

Isihaka alihesabu. Jumanne mtoto amemng’ata Jabiri, akarudishwa nyumbani na kuambiwa asirudi bila mzazi. Jumatano Isihaka alikuwa mashineni kukoboa mpunga na foleni ilikuwa ndefu, akasema atakwenda kesho yake. Alhamisi ndipo wakaenda.

Akamtazama Mwalimu Yasinta. Mwalimu hakuweza kumtazama yeye.

“Nilikuwa na orodha,” alisema Yasinta. “Nilisimama na orodha, nawaita kwa majina. Nilipofika kwake niliandika hayupo. Nilifurahi, baba. Mungu anisamehe. Nilijisemea leo angalau nitapumzika.”

Isihaka alitafuta ndani yake kitu cha kumlaumu nacho, akakosa, maana kila alichokipata kilikuwa na jina lake mwenyewe. Mama Grasiana alisema boksi zilizobaki zilirudishwa wilayani siku ile ile, ndio utaratibu. Angewaandikia barua ya hospitali ya Korogwe, waende kesho, wawahi, na kama wameishiwa wanunue duka la dawa. Akaingia na Yasinta chumba cha ndani kuiandika.

Baba na mtoto wakabaki barazani, kwenye benchi la mbao, mtandio wa mwalimu ukiwa bado kiunoni mwa Mwaija. Choo cha zahanati kilikuwa hatua ishirini mbele yao, mlango uko wazi, hakuna foleni, hakuna kiranja, hakuna aliyekizuia.

Mwaija alianza kujitikisa. Akabana miguu. Kisha akainua kidole cha shahada juu, mkono umenyooka, macho mbele, kama anavyokaa mwanafunzi aliyefunzika.

“Nenda, mama,” alisema Isihaka. “Choo kile pale. Nenda.”

Mwaija hakushusha mkono. “Mwalimu hajasema,” alijibu.

“Mimi baba yako nimesema. Nenda.”

“Ulisema mpaka mwalimu aseme.”

“Nilikosea. Nakuomba, nenda. Nenda, mama.”

Mtoto alimtazama kwa upole mwingi, kama anayemwonea huruma, na mkono akauacha juu. Isihaka akanyanyuka, akakimbilia ndani akimwita Mwalimu Yasinta, akijikwaa kizingitini, akifungua mlango usio wenyewe, wa stoo, kisha ule mwingine. Waliporudi barazani wote watatu wakikimbia, Mwaija alikuwa amekaa pale pale, hajasogea hata kidogo, kidole kingali juu, na benchi lilikuwa limelowa mpaka sakafuni.